Rinda Lililokataa Kufunga

Kila asubuhi katika mtaa wa Kimbo, Ruiru, Nzilani alikunywa chai kwa viazi vitamu, akameza vidonge vyake, ndipo akafungua kibanda chake cha mboga. Alikuwa na lupus, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Vidonge hivyo vya steroidi ndivyo vilivyomtoa kitandani. Ndivyo pia vilivyomvimbisha mashavu, na hapo taabu ikaanza.

"Ai, Mama Dianah! Umenona!" wateja walimtania. "Mahari imeanza kuliwa?"

Nzilani alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Binti yake Dianah alikuwa karibu kuolewa huko Thika. Rinda la kitenge, sare ya akina mama wa familia, lilikataa kufunga. Fundi alivuta zipu, Nzilani akabana pumzi, wapi!

"Hizi dawa zinaniharibu," alimwambia mumewe, Kyengo. "Nitaziacha mpaka harusi ipite. Kwani naumwa tena?"

"Daktari amesema?"

"Daktari ndiye atavaa rinda?"

Kyengo hakuwa mtu wa kubishana. Kesho yake asubuhi Nzilani alikunywa chai bila vidonge.

Mashavu hayakupungua. Nguvu ndizo zilizopungua. Nzilani alichoka, akadhani ni shughuli za harusi. Akakosa hamu ya chakula. Jumatano alianza kutapika. Aliposimama, kizunguzungu kilimshika, akaanguka kando ya magunia ya viazi.

Kyengo alimwita jirani yao Ngina, muuguzi katika kliniki moja ya Ruiru. Ngina aliinama akauliza, "Vidonge unameza?"

"Niliacha," Nzilani alinong'ona.

"Woi, Mama Dianah! Kyengo, tafuta gari sasa hivi. Hii si ya kungoja."

Hospitalini, Ngina hakungoja kuulizwa. "Ametumia steroidi kwa miezi mingi, na ameacha ghafla," aliwaambia wahudumu. Walimdunga sindano ya steroidi, wakamwekea maji kwenye mshipa. Kufikia jioni Nzilani aliweza kuongea.

"Ni nini kilinipata?"

Ngina alivuta kiti. "Mwili hutengeneza kitu chake kinachofanana na dawa hiyo. Ukimeza vidonge kwa muda mrefu, mwili unazoea, unaacha kutengeneza. Sasa ukiacha ghafla, huna ya nje, huna ya ndani. Watu hufa hivyo."

"Kwa hivyo nitameza mpaka nife?"

"Daktari ndiye ataamua. Kama ni kupunguza, atapunguza polepole, mwili uamke. Usijipunguzie. Ukipata homa, au ukitapika vidonge, usiseme utaenda kesho. Dawa hii hupunguza kinga, na inaweza kuficha ugonjwa. Ukikaa karibu na mtu mwenye tetekuwanga, tuambie mapema. Hata ukienda kung'oa jino, sema unatumia steroidi. Na ile kadi uliyopewa, ya kuonyesha unatumia dawa hii, iko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Kwani godoro ndilo linaumwa?"

Nzilani alicheka kidogo. Kisha machozi yakamtoka. "Na huu uso, Ngina? Naona aibu."

"Hiyo aibu ungemwambia daktari. Dozi ikishuka, mara nyingi uso hurudi. Kwa sasa punguza chumvi na sukari. Lakini sikia, mama. Mtu mwenye uso mviringo anaweza kwenda harusini. Maiti haiendi."

Ijumaa daktari alimruhusu kwenda nyumbani, baada ya kumpangia upya vidonge vyake.

Siku ya harusi alikunywa chai, akala, akameza vidonge, akavaa. Fundi alikuwa ameongeza kipande cha kitambaa ubavuni, na zipu ilipanda bila vita. Pale Thika, shangazi mmoja, Kalondu, alimpokea kwa kelele, "Nzilani! Umenona hivi?"

"Nimenona, na nimefika," alijibu.

Wakati wa picha, mpiga picha alimwelekeza kwa heshima, "Mama, geuka upande kidogo, uso uonekane mwembamba."

"Nipige hivi hivi," alisema Nzilani. "Uso wote."

"Mwaitu," Dianah alimwita mama yake kwa sauti ndogo, akamshika mkono kama mtu anayeogopa kuibiwa. Mkono wa pili wa Nzilani ulikuwa umeshika pochi, na kadi ya dawa ilikuwa ndani.