Hewa ya Chumba cha Chini

Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha pale Mahbuba alipoingia nyumba ya marehemu mamaake, mtaani Ghubra, kusoma kipimo cha hewa alichokiacha fundi. Hind, aliyetaka kuinunua, alishikilia sharti moja: haweki saini mpaka hewa ya chumba cha chini ipimwe. Alikuwa mjamzito, na alisikia kuna gesi ya radoni inayopanda kutoka kwenye majabali chini ya nyumba. Haina rangi, haina harufu, na inakula mapafu polepole.

Mahbuba akaukomea mlango kwa ndani, akateremka ngazi.

Madirisha yamefungwa, kama fundi alivyoagiza. Kitanda cha mama kingali pale pale. Alipenda kulala humu kwa ubaridi wake. Kipimo kilikuwa mezani, taa yake nyekundu.

Akampigia simu fundi, Wael, akamsomea namba.

"Iko juu sana, dada," Wael akasema. "Kupita tu si neno. Lakini mtu aliyelala humu miaka..."

Mama hakuvuta sigara maisha yake yote, na mapafu ndiyo yaliyomuua. Akilalamika kila asubuhi, "Kuna mtu ananikalia kifuani, mwanangu. Mie nnavuta pumzi, naye anavuta." Wakamwambia ni maradhi.

"Linatengenezeka," Wael aliendelea. "Tutaziba nyufa, tuweke bomba na feni ya kuitoa gesi juu ya paa. Ila mnunuzi mwambieni ukweli."

Simu ikakatika.

Ndipo ikaja harufu... Kafuri. Kama siku ile walipomkosha mama kabla ya kumzika.

Kisha pumzi. Nzito... ndefu...

Upande wa kitandani.

Mahbuba alipanda ngazi mbio, akamkuta Hind amesimama ukumbini.

"Umeingiaje?" akanong'ona.

"Bibi kanifungulia."

"Bibi gani?"

"Mamaako. Kateremka sasa hivi, mmepishana ngazini."

Mahbuba akamwambia mama yuko kaburini. Akamweleza habari ya gesi yote, akamsihi asiinunue nyumba ile. Hind akamsikiliza kama mtu anayesikiliza maneno ya mtoto.

"Kaniambia utasema hivyo."

Kisha akageuza shingo.

"Abee, bibi. Nnakuja."

Hakuna aliyeita. Mahbuba alitaka kumvuta; mkono haukunyanyuka. Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Akamtazama tu akiteremka, taratibu, kiganja tumboni.

Mahbuba alipomsimulia usiku ule, Sinan, kakaake, alisikiliza mpaka mwisho. "Ya gesi tumemwambia," akasema. "Hayo mengine tumwambie nani?"

Nyumba ikauzwa. Wael akaziba nyufa, akaweka bomba na feni, akapima tena, namba ikashuka.

Hind alipojifungua, Mahbuba alikwenda kumwona mtoto. Akamkuta analazwa chumba cha chini, na feni imezimwa. Hind mwenyewe alikuwa anakohoa.

"Iwashe, Hind. Nnakuomba."

"Bibi hapendi," Hind akanong'ona. "Anasema inamkatia pumzi."

Mahbuba akaiwasha mwenyewe, akaaga. Hind akamsindikiza mpaka getini, mtoto begani. Walikuwa wamesimama hapo, wote watatu, feni inavuma juu ya paa.

Ikapungua...

Ikazima.

Ndani hamkuwa na mtu.