Habu Hazijafungwa

"Sindano, sitisha! Narudia, sitisha!" redio ilikoroma.

Sindano hakusitisha. Alikanyaga mafuta.

Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikitimua vumbi, imebeba maboksi arobaini ya dawa bandia za watoto. Mwezi uliopita mtoto wa dada yake alipewa dawa hizo kwa homa ya kawaida tu. Hakupona. Sindano, jasusi wa serikali, alimzika asubuhi, mchana akaripoti kazini, na hasira yake hakutaka ipoe.

"Ng'ambo ya bonde ni mpaka," Mkuu wake wa kazi alifoka redioni. "Gari yao mpya, yako mkweche. Utazama kwenye tope."

"Mkuu, mawasiliano yanakatika."

"Hayakatiki! Nakusikia vizuri kabisa!"

"Basi nakata mwenyewe."

Akaizima.

Kwenye ukingo wa tope alifunga breki, akashuka. Matairi ya gari la magendo yalikuwa yamepita moja kwa moja. Akakagua ardhi yote kandokando.

Hakuna alama hata moja ya kiatu: hakuna aliyeshuka.

Sindano alicheka peke yake. Asubuhi ya siku hiyo, kwenye kituo cha mafuta, alikuwa ameliona gari lile kwa karibu. Lilikuwa na habu za mkono, kama la kwake: vifundo vya chuma katikati ya magurudumu ya mbele. Usiposhuka ukavizungusha, vuta gia ya foo-wili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, mpaka mkono uchoke, magurudumu ya mbele hayatapata nguvu ya injini. Marehemu baba yake, fundi wa giaboksi, alimfundisha hayo kabla hajajua kuendesha.

Alizungusha habu ya kulia. Ya kushoto ilikuwa ngumu, ikamchubua kiganja. Akaitukana, ikakubali.

Gia nzito. Namba mbili. Polepole.

Haraka haraka haina baraka, na kwenye tope ndiyo kabisa.

Aliwakuta mita mia tatu mbele. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanachimba shimo, ya mbele yametulia tuli. Wanaume wawili walikuwa wanasukuma, wamejaa tope mpaka kope.

"Mikono juu!" Bastola yake ilikuwa imeshatoka.

Dereva, bado kwenye usukani, aliinyoosha mikono, karibu alie. "Lakini dada, taa ya foo-wili inawaka!"

"Taa inaonyesha umevuta gia. Haionyeshi kama umeshuka kufunga habu."

Akawafunga pingu, akahesabu maboksi. Arobaini. Kisha akawasha redio.

"Umekaidi amri!" Mkuu alinguruma.

"Ndiyo, Mkuu. Andika hivyo hivyo. Na utume trekta, mzigo wote uko hapa."

Halafu Mkuu, kwa sauti ndogo: "Wote?"

Alizima redio. Akampigia simu dada yake.

"Dada, tumezikamata zote."

Upande wa pili alisikia kilio, na safari hii hakumwambia anyamaze. Alisubiri mpaka kikaisha.

Trekta lilipofika na askari, Sindano alivuka tope hadi penye lami. Akashuka, akafungua habu zote mbili, zisizohitajika kwenye lami, kwa kiganja kinachovuja damu, akaondoka.