Mlio wa Kiti cha Shemeji

Wewe, ungejua kwamba ndugu yako anasema kweli na watu wote wanamwita mwongo, ungenyamaza siku ngapi? Usijibu haraka. Kila mtu ni shujaa kwenye msiba wa mwenzake.

Fundi Viti alinyamaza siku thelathini na tatu.

Kazi yake ilikuwa viti vya magari, na kwa hilo alijaliwa. Angeng'oa kiti cha gari moja akakikalisha kwenye jingine, ukaapa vimezaliwa tumbo moja. Mdogo wake alikuwa mwalimu wa hesabu, na ndiye aliyeshika usukani siku gari lake lilipopinduka. Mwalimu alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mkewe, aliyekuwa ameacha nyumbani kichanga cha miezi mitatu, alirushwa nje kupitia kioo cha mbele. Hakuwa amefunga mkanda.

"Nilijua amefunga," Mwalimu aliwaambia watu msibani. "Gari lile hulia abiria asipofunga. Siku ile halikulia."

Nani angemwamini? Kila aliyewahi kulipanda alijua lile gari lilivyokuwa na mdomo. Basi ndugu wa marehemu wakakata shauri: lililia, mwanaume akapuuza, na mtu wa namna hiyo haachiwi mtoto. Jumamosi wangekuja kumchukua.

Mabaki ya gari yalikokotwa hadi karakana ya Fundi, mbele ya nyumba yake. "Chukua utakacho, kaka," Mwalimu alimwambia. "Mimi sitaki kuliona." Fundi akaviparamia viti vya mbele kabla hata ya kunywa chai. Vilikuwa safi, havina tone la damu. Mke wa Fundi, ambaye gari lake dogo lilikuwa na viti vilivyochomoza springi, aliona aibu, lakini mgongo nao ulikuwa na maoni yake.

Havikuingia kwa hiari. Reli zake zilizidi matundu ya sakafu kwa vidole viwili. Fundi alikata vyuma bapa, akatoboa, akachomelea, akakaza bolti, akahamisha na mikanda pamoja na vifungio vyake. Chini ya kiti cha abiria ulibaki waya wa njano, ule wa kengele ya mkanda. Gari dogo lilikuwa la zamani. Halikuwa na kengele wala pa kuuchomeka. Akauviringisha, akaufunga kwa utepe mweusi.

"Umeniwekea kiti cha enzi ndani ya kopo la maziwa," mkewe alisema, kichwa kikigusa paa.

"Inama kidogo, malkia."

Jumatatu asubuhi malkia alirudi kabla hajafika hata barabarani.

"Wewe mwanaume, gari langu linalia."

"Gari lako halina cha kulilia."

"Basi njoo ulisikilize hilo lisilo na cha kulilia."

Fundi alienda. Ti. Ti. Ti. Alizima injini, mlio haukukoma. Akatoa betri, akaiweka chini. Ti. Ti. Akapiga magoti, akavuta ule waya wa njano, akaukuta kama alivyouacha, utepe haujaguswa, ncha yake ikining'inia hewani. Ndipo ilipomjia harufu: maziwa ya mama yaliyochacha, na nyuma yake dawa ya kupaka kidonda. Sponji ya kiti cha abiria ilikuwa imebonyea, na ilipokuwa ikimtazama hivyo, maana alihisi inamtazama, alinyoosha mkono, akavuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu na kuufunga, na mlio ukakatika palepale, ila mkanda haukulala juu ya kiti kama mkanda unavyolala. Ulikaa umetanda hewani, mbali na kitambaa, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, taratibu, kama juu ya kifua cha mtu anayengoja ajibiwe.

"Nini hiyo?" mkewe alinong'ona.

"Waya," alisema Fundi.

Jumatano akaitwa mganga, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiye na muda wa kupoteza. Alifukiza ubani, akasoma, akaliita jini kwa majina yote aliyoyajua. Kiti kikalia zaidi. Hatimaye akakunja mkeka wake.

"Jini huyu hakuua mtu," alisema. "Amekuta kiti kimefichwa neno, akahamia. Mimi hutoa majini. Maneno hutolewa na wenyewe." Akamtazama Fundi mpaka Fundi akaanza kufuta bisibisi iliyokuwa safi.

Jumamosi mchana ndugu wa marehemu walifika. Walikaa kwenye mabenchi ya karakana, kwa kuwa sebule haikuwatosha. Nguo za mtoto zilikuwa zimeshafungwa kwenye mfuko. Mwalimu alimpakata mwanawe. Mashati yalikuwa yameanza kumpwaya.

"Shemeji," kaka wa marehemu alisema, si kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi, "tuambie tu kweli, tukalale. Kengele ililia?"

Mwalimu alimtazama mtoto. "Nimefikiria kila siku," alisema polepole. "Pengine ililia. Pengine nilikuwa nawaza mambo mengine. Watu wote hamuwezi kukosea, nikawa sahihi mimi peke yangu. Labda kweli nili—"

Ti.

Vichwa vyote viligeuka. Lile gari dogo lilikuwa limeegeshwa juani, milango imefungwa, betri iko juu ya meza. Ti. Ti. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikatanda karakana nzima, mtoto akaacha kucheza na kifungo cha shati la baba yake, akageuza uso kuelekea kule kwenye kiti, akainyoosha mikono yake yote miwili kama anavyoinyoosha mtoto anayetaka kupokelewa, na nyuma ya kioo, polepole, mbele ya watu wazima tisa, mkanda wa abiria ukaanza kujivuta wenyewe.

"Mungu wangu," mtu alinong'ona.

"Usimalizie, Mwalimu," Fundi alisema. "Usimalizie hilo neno. Halikulia."

"Kaka?"

"Halikulia. Mkeo alinijia hapa, ukiwa kazini. Mkanda ulikuwa unamkwaruza kidonda cha upasuaji wa uzazi, na wewe humwachi mpaka afunge. Akasema, 'Shemeji, wewe ndiye fundi.' Nikafurahi kuitwa fundi. Nikakata ulimi wa chuma wa mkanda wa gari bovu, nikauchomeka kwenye kifungio, gari likadhani amefunga. Yeye alikuwa anauvuta mkanda na kuushikilia chini ya shali, usijue. Gari lilipoletwa, niliking'oa kiti mapema ili nitoe ule ulimi kabla mtu hajauona. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, mdogo wangu. Kengele niliinyamazisha mimi."