Aliyetangulia Kumwita Ramla

Umeme ulikatika saa nane mchana, lakini feni ya mashine haikusimama.

Hayat, mwenye mimba ya miezi minane, alifanya kazi na Térence katika ofisi ndogo ya Gasenyi, wakiandika programu za maduka. Mashine ya chumba cha nyuma ilihifadhi kila toleo la kazi yao, la leo na la miaka iliyopita.

Akanusa ubani. Kisha sauti nyembamba, kama ya mwanamke anayebembeleza, ikasema huko nyuma, "Ramla binti Karimu."

Hayat akashika tumbo. Jina hilo, alilomchagulia mtoto, hakumwambia mtu, hata Karimu mumewe. Kwao jina la mtoto halitajwi mpaka siku ya saba, baba alinong'one sikioni. Alilitumia tu kama neno lake la siri la kufungulia mashine.

"Térence," alinong'ona, "we uliweka wapi maneno yetu ya siri?"

"Mu fichier moja, faili tu, mule mule mu mashine. Si munasahau kila siku, munanisumbua?" Akacheka, kisha akamwona uso. "Ni kitu gani, dada?"

"Uliyaweka wazi? Bila kusaga?"

Térence akainamisha kichwa. Alijua kanuni: neno la kila mtu hutiwa chumvi yake, likasagwa kwa hesabu lisisomeke, ukahifadhiwa unga tu. Mwizi akipata unga, hawezi kuurudisha kuwa muhogo.

Kesho yake wakamleta Shehe Massoudi, msomaji wa ruqya, visomo vya kufukuza majini, kutoka Buyenzi. Akasikiliza mlangoni.

"Jini amesoma jina," alisema polepole. "Akimuita mutoto kabla ya baba yake, mutoto atamuitika yeye, si nyinyi. Mulifute kila pahali. Na mutoto mumupe jina lingine."

Térence akaifuta ile faili. Sauti ikaita tena, kwa sababu mashine ile haisahau jana, na ndani ya kila toleo la zamani jina lilikuwa limekaa vilevile, likisubiri, ikawabidi washuke toleo kwa toleo siku tatu nzima, Shehe akisoma Ayatul Kursiyu, Térence akifuta, na sauti ikizidi kufifia chini yao kama mtu anayeteremka kisimani, mpaka kukawa kimya.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Siku ya saba Karimu akamnong'oneza, "Saliha." Akarudia, kisha akawachekea wageni. "Huyu haitiki! Ni kama mama yake!"

Hayat alikuwa chumbani akimnyonyesha mtoto, Térence alipompigia simu.

"Dada, nisamehe. Kila mmoja wetu ana nakala nzima ya ile mashine mu kompyuta yake, na matoleo yote ya zamani. Mi nimefuta yangu. Yako iko wapi?"

"Kabatini. Imezimwa tangu nijifungue."

"Uifute leo, dada. Sasa hivi."

Kabla hajajibu, nyuma ya mlango wa kabati, kwa upole wa mama, sauti ileile ikaita, "Ramla."

Mtoto akaachia ziwa, akageuza shingo.