Hoja ya Bibi Harusi

Sogeeni karibu, sogeeni hadi magoti yagusane. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na anayetafuna ameze kwanza, maana hadithi hii haipendi kelele, na watu wake walikuwa wamechoka.

Palikuwa na mama mmoja aliyetunza ukumbi wa zamani. Zamani hizo lilikaa humo baraza, wajumbe wakibishana mpaka sauti zinakauka. Baraza lilipohamia jengo jipya, ukumbi ukawa wa wageni kuja kuutazama asubuhi, na alasiri harusi na mahafali. Watu walimwita Mama Ukumbi. Miaka ishirini na sita alifungua mlango kabla ya mtu mwingine kufika, akashika kitambaa chake, akafuta mabenchi moja moja. Na asubuhi zote hizo, mabenchi ya roshani, kule juu ambako wageni hawapandi kwa sababu mbao zimeoza, aliyakuta na joto. Si joto la jua. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Hakuogopa. Mtu akiogopa kila siku, mwisho huchoka hata kuogopa. Mzee aliyemwachia kazi alimwambia siku ya kwanza, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala: "Hao wa juu hawana neno na mtu. Ila asisimame yeyote jukwaani akauliza watu wanakubali au wanakataa. Mikono isinyooshwe humu. Kikao chao hakijafungwa."

Basi kila mshereheshaji akija, mama alimvuta pembeni. "Chekesha utakavyo, baba, imbisha, chezesha. Kura tu usipigishe." Walimcheka, lakini walimsikiliza, maana swichi kubwa ya umeme alikuwa nayo yeye.

Ikafika zamu ya bintiye wa pekee kuolewa. Mkuu wa jengo akampa ukumbi siku nzima, zawadi ya miaka yote ile. Mwingine angevaa akakaa mbele kama mama wa bibi harusi. Yeye tangu alfajiri alipanga viti mia mbili, akatandika meza, akaziba bomba lililokuwa linavuja msalani.

"Dada, leo si siku yako ya kufagia," mdogo wake alimwambia. "Weka chini huo ufagio."

"Nikiuweka chini, utauokota wewe na kucha hizo?"

Mshereheshaji alichelewa. Alipoingia mbio na kipaza sauti chake, mama alikuwa stoo nyuma ya jukwaa, ameingiza miguu kwenye beseni la maji ya baridi. Alimsikia akijaribu sauti, moja mbili, moja mbili. Akajisemea, nitamwambia, acha nipumue kidogo tu. Kichwa kikainama. Akasinzia.

Kilichomwamsha ni kicheko.

"Jamani, bwana harusi huyu tumemkagua vizuri?" mshereheshaji alikuwa akisema. "Binti wetu ni mzuri mno kwake! Wanaosema bibi harusi asitoke, abaki humu humu na sisi, mikono juu!"

Mama alitoka pekupeku, maji yakimchuruzika miguuni. Akakuta mikono yote iko juu, mashangazi mbele, mdogo wake kanyoosha yote miwili, na bibi harusi mwenyewe kainua wake, anacheka. Hapo ukasikika mchakacho kule roshani, kama mikono mia ya makoti mazito imeinuliwa kwa pamoja. Ikashuka harufu ya ugoro na karatasi zilizolowa maji. Kisha ubao ukagongwa mara tatu, ko, ko, ko.

"Hata fundi mitambo ameafiki!" mshereheshaji akadakia, na watu wakazidi kucheka.

Mama hakucheka. Alijua usingizi wake wa dakika kumi umemgharimu nini.

Saa kumi na moja jioni, jua bado kali, maharusi wakaitwa garini. Wakashuka jukwaani wameshikana mikono, vigelegele kushoto na kulia, mpaka mlangoni, na pale bwana harusi akavuka kizingiti, akahisi mkono wa mkewe umemponyoka, akageuka na kumwona bibi harusi kule alikotoka, ameketi juu ya jukwaa, shela limetulia kama la mtu ambaye hajainuka hata mara moja. Wakarudi, wakamtoa tena, na tena akawa jukwaani. Mara ya tatu wakambeba, wanaume wawili, halafu wanne, halafu sita wenye shingo nene, wakivuta pumzi na kutoa jasho, na yule msichana mwembamba akawa mzito kama jengo lenyewe, macho yamemtoka, anataka kulia na mdomo haumtii, na ulipofunguka ikatoka sauti kavu ya watu wengi wazee wakisema neno moja kwa pamoja:

"Imepitishwa."

Wageni hawakungoja keki. Mshereheshaji alikuwa wa kwanza kufika barabarani, kipaza sauti bado mkononi. Wakabaki wanne: bibi harusi, bwana harusi, mama, na mama mdogo, yule mdogo wake mama.

Aliitwa mganga. Akaja na pikipiki na mkoba wake, akafukiza. Moshi ukatambaa sakafuni kama maji, haukutaka kupanda. Akapanda yeye ngazi ya roshani, akachungulia, akashuka kinyumenyume.

"Wamejaa," alinong'ona. "Mama, kazi yangu ni kumtoa jini kwa mtu. Hapa ni mtu ndiye aliyeingizwa kwa majini. Hawa si wakorofi. Wana utaratibu. Walichopitisha watakivunja kwa hoja nyingine, si kwa dawa yangu."

"Aipeleke nani?"

"Anayejulikana humu."

Mama akapanda jukwaani. Magoti yalimuuma kila kipandio. Akasimama mbele ya mwanawe, akayainulia uso mabenchi ya juu, na palepale kila kilichokuwa kinalialia katika jengo lile, bati, feni, mabomba, kikanyamaza.

"Nina hoja," alisema. "Binti huyu aachiwe aende kwa mumewe. Wanaokubali?"

Hakuna nguo iliyochakacha. Sauti kavu ikapita mdomoni mwa bibi harusi, taratibu, bila hasira: "Nafasi imejazwa. Haiwezi kuachwa tupu."

Mama akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu anayetua ndoo.

"Basi niirekebishe hoja. Atoke yeye, nibaki mimi."

Machozi yakamdondoka bibi harusi, sauti yake halisi ikapenya kama inatoka chini ya godoro. "Mama, usiulize. Mama, nakuomba, usiulize."

"Nyamaza, mwanangu. Wanaokubali nibaki mimi, wanyooshe mikono."

Mama mdogo akaikalia mikono yake. "Sinyooshi! Nilinyoosha mchana, inatosha!" Mganga akatazama mkoba wake. Bwana harusi alisimama katikati ya viti vilivyopinduka, akamtazama mkewe, akamtazama mkwewe, kisha akatazama sakafu, na mkono wake ukapanda polepole mpaka juu, naye akilia kama mtoto. Roshani nzima ikachakacha. Ko, ko, ko.

Shela likainuka. Binti akatoka na mumewe, akavuka kizingiti, akaangukia kwenye vumbi la nje, mzima. Mama akatoka nyuma yao kujaribu tu. Akajikuta jukwaani.

Aliishi humo miaka tisa. Alilala stoo, akawaonyesha wageni ukumbi, akafagia. Bintiye alimletea chakula kila siku, na mjukuu alijifunza kumpungia mkono akiwa nje ya mlango, kwa sababu mama hakukubali mtoto aingie ndani. Alasiri ambazo hapakuwa na harusi, wapita njia walimsikia akibishana na watu wengi, na kila mara alishindwa. Siku alipofariki mwili wake ulitoka kirahisi, watu wawili tu waliubeba. Lakini aliyeshika kazi baada yake anasema vikao bado vinaendelea, na katika zile sauti za wazee sasa kuna moja ya kike, imechoka, inayoomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mama mdogo alirithi cherehani na vitenge. Mkwe aliambiwa achukue baiskeli, akakataa. Mjukuu alipata redio. Binti alirithi nyumba ya vyumba viwili, iliyokaa imefungwa miaka yote tisa, na kitanda ambacho mama alikitandika asubuhi ya harusi, akijua atarudi jioni kupumzika. Shuka lilikuwa bado limenyooka. Binti alilitazama, akavua viatu, akalala juu yake mpaka kulipokucha.