Kopo la Unga wa Uji

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono, kisha akaenda stooni kutoa chakula cha jioni. Stoo yao ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, hakina dirisha. Chini palikaa pipa la mchele, ndoo ya unga na gunia la maharage. Juu kabisa ya rafu palikaa kopo la unga wa uji wa mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Baba ndiye aliyempa jina la Chiriku, maana asubuhi mdomo wake uliamka kabla ya macho. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni kwa kamba, na mbele ya rafiki zake aliuacha uning'inie nje ya blauzi makusudi, ili waulize ni wa nini.

Shida ni kwamba Chiriku alikuwa hodari wa kufungua kuliko kufunga. Mara ya kwanza mama alipokuta pipa la mchele liko wazi, alisema. Mara ya pili akasema tena. Mara ya tatu alinyoosha mkono, akauchukua ufunguo, akampa Taratibu.

Taratibu alikuwa mtoto wa mjomba, umri mmoja na Chiriku, aliyekuja kukaa nao muhula ule ili asome karibu. Jina hilo pia alilitoa baba, kwa sababu msichana yule hakuwa na haraka. Alifunga vifuniko mpaka vikaita "tap", akaviziba vitundu kwa matambara, akapanga kila kitu mahali pake. Kila alipofanya jambo, baba au mama hakukosa kusema, "Umeona mwenzako?"

Umeona mwenzako anavyokunja nguo? Umeona mwandiko wa mwenzako? Maneno mawili tu, lakini yalimchoma Chiriku kuliko bakora. Aliona wivu, wivu wa kweli, ule wa kumnyima mtu hamu ya kula. Wala usidhani alinuna. La hasha! Usoni alikuwa asali tupu. Alimsuka Taratibu nywele, akamwita dada yangu kipenzi, na huku moyoni akiomba avunje hata kikombe kimoja. Taratibu hakuvunja kitu.

Jumamosi moja mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alitoka na Taratibu kupeleka sare za wanafunzi kwa mteja. Baba alikuwa kazini. Chiriku aliachwa na mtoto, na mtoto alikuwa amelala. Ufunguo ulining'inia msumarini, kando ya cherehani.

Aliutazama kwa muda. Kisha akauchukua, akafungua stoo, akafunua pipa la mchele. Akafunua ndoo ya unga. Alipoona haitoshi, akapanda kiti, akashusha kopo la unga wa uji, akalifungua nalo. Mwisho akachomoa tambara lililoziba uwazi chini ya mlango, akafunga mlango, akaurudisha ufunguo msumarini. Mama akirudi ataona, alijiambia, na leo tutajua nani msahaulifu. Panya hakuwafikiria kabisa.

Lakini wale wawili walipitia kwa mama mkubwa, wakala hukohuko, wakarudi jioni wamechoka, wamebeba na chakula cha wengine. Hakuna aliyefungua stoo.

Jumapili asubuhi Chiriku aliwahi kuamka, akachukua ufunguo, akaenda kuchungulia. Akaganda mlangoni. Mchele ulikuwa na vinyesi vyeusi vya panya. Unga ulikuwa na alama za vijiguu, kana kwamba walifanya mchakamchaka. Gunia la maharage lilitobolewa pembeni. Ndani ya kopo la mtoto mlikuwa na vinyesi viwili.

Kumchongea binamu ni kitu kimoja, chakula cha mtoto ni kingine. Akavitoa vile vinyesi viwili kwa kijiko, akalainisha unga juu, akafunga kopo, akalirudisha rafuni. Ukiangalia, hapakuwa na dalili yoyote.

Mama alipofungua stoo alishika kiuno.

"Taratibu, hebu njoo. Jana ulifunga vifuniko?"

"Nilifunga, shangazi."

"Na hivi ni nini?"

Taratibu alitazama ndani ya pipa. "Nilifunga," alirudia kwa sauti ndogo.

"Mama, usimgombeze," Chiriku akadakia kwa upole. "Labda alisahau tu. Kila mtu husahau."

Mama akaguna. Akauchukua ufunguo, akauweka mkononi mwa Chiriku. Kilio cha Taratibu hakikutoa sauti, machozi tu. Chiriku akauvaa ufunguo shingoni. Ajabu ni kwamba hakujisikia kama alivyotarajia.

"Afadhali kopo la mtoto limefungwa," mama alisema. "Taratibu, mpikie uji. Mimi namwita jirani."

Jirani huyo alikuwa bibi afya, mwanamke mnene mwenye utani, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa migahawa na maduka. Aliinama juu ya pipa.

"Nilitaka kuuchagua mchele, niuoshe, niuanike," mama alimwambia.

"Ungechagua nini, shoga yangu? Kinyesi unakiona, unakiokota. Mkojo je? Panya anatembea huku anakojoa, hana adabu ya choo. Ukiokota vile vyeusi umeokota ushahidi tu, uchafu umebaki. Na huo uchafu unaweza kumlaza mtu mzima kitandani, sembuse mtoto."

Chiriku aliyasikia maneno hayo. Akageuka kutazama jikoni. Taratibu alikuwa amempakata mtoto, macho bado mekundu, anapuliza kijiko cha kwanza cha uji. Mtoto alikuwa amefungua mdomo.

Akisema, amejichongea mwenyewe. Asiposema, mtoto atakula.

"Usimpe!" Chiriku aliruka, akakipiga kijiko kikaangukia mbali. Uji ukamwagika, mtoto akaangua kilio.

Mama alikuja mbio. "Una wazimu?"

"Kopo liliingiwa na panya, mama. Mimi ndiye niliyelifungua. Nilifungua vyote. Yeye alifunga."

Kisha mama akafanya jambo ambalo Chiriku hakulitegemea. Alimwendea Taratibu kwanza.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kupeleleza."

Ndipo akamgeukia binti yake. "Wazee walisema panya huuma na kupuliza, ndiyo maana unayeumwa hushtuki. Asubuhi hii umemuuma mwenzako, kisha ukampuliza: mama usimgombeze. Stooni waliingia panya wengi, lakini aliyefungua mlango ni mmoja."

Chiriku alivua ufunguo mwenyewe, akaurudisha kwa Taratibu. Machozi yalimtoka, pua nayo haikubaki nyuma.

Kazi ilikula siku nzima. Bibi afya aliwapa glavu, akawakataza kufagia vinyesi vikavu kwa sababu vumbi lake hudhuru. Kwanza wavimwagie maji yenye klorini, wasubiri, ndipo wafute. Baba aliporudi kutoka kazini alichanganya saruji, akaziba mashimo. Chakula kilichochafuka kilizikwa shimoni nyuma ya nyumba, na kopo la mtoto pia. Wasichana wawili walibeba pipa, huyu huku na huyu kule.

"Nisamehe," Chiriku alisema.

Taratibu alifikiri, taratibu kama kawaida yake. "Nimesikia. Hasira bado ninayo. Shika vizuri upande wako, lisituangukie."

Jioni mama alikaa kizingitini, akamwita Chiriku karibu.

"Na mimi nina kosa. Maneno ya 'umeona mwenzako' yamezidi humu ndani, nimemwambia na baba yako. Lakini wewe sikiliza. Kuona wivu si dhambi, unampata kila mtu. Kosa ni kuuficha mpaka ukauma. Panya tumewazibia kwa saruji; wivu hauzibwi kwa saruji, mwanangu, hutolewa kwa mdomo. Ukiuona unaingia, njoo uniambie mapema, hata kama niko kwenye cherehani."

Kupitia mlango wa jiko Chiriku aliona baba akimkabidhi Taratibu kopo jipya la unga.

"Mama," alisema, "hata sasa upo kidogo."

Mama akacheka, akasogea kumpa nafasi. "Haya basi, kaa uniambie."