Rangi Zilipotoweka Mtoni

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula wali wake, Wening aliingia jikoni kumsaidia mama. Mama alikata tempe, yaani soya iliyogandamana, vipande vyembamba kama majani, akavikaanga. Wening alivitia kwenye mifuko ya kuuza. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa bondeni, katika mtaa mmoja wa mji wa Malang ambao kila ukuta una rangi yake: nyekundu, manjano, buluu, zambarau. Nje ya mlango, ngazi za saruji zilishuka mpaka mtoni.

"Wingu limekalia mlima," Mama alisema akichungulia dirishani. Kila siku ya msimu wa mvua alisema hivyo hivyo. "Mtoni hakuna kwenda, umenisikia?"

"Lakini Mama, jua si hilo linawaka?"

"Linawaka hapa. Kule juu je? Mvua ya kule hutuletea maji bila kupiga hodi."

 Lakini moyo wa Wening ulikuwa kwenye picha. Mwalimu alisema kila mtoto apige picha, na itakayopendeza zaidi itatundikwa ukutani shuleni, na Wening alikuwa ameona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Ikifika saa kumi, jua hupiga kuta za ng'ambo, na rangi zote humwagika majini zikicheza. Lakini ili uzipate zote, lazima usimame kwenye jiwe kubwa, katikati ya mto.

"Naenda kwa Gendis tufanye hesabu," alisema.

"Haya. Msije mkacheza tu."

Gendis alikuwa jirani na rafiki yake. Alipoiona ile simu kuukuu, isiyo na laini, aliyopewa Wening na binamu yake, alielewa mara moja.

"Mimi sishuki! Mama yako akinikuta atanikaanga na tempe."

"Mwoga we! Basi kaa hapa. Akija, mwambie niko chooni."

"Na ukichelewa?"

"Mwambie tumbo linanisokota." Wakacheka mpaka wakashikana.

Maji hayakufika hata vifundoni. Wening aliruka jiwe hadi jiwe, akapanda lile kubwa, akaanza kupiga picha. Nyekundu ilijikunja kama utepe, manjano ikakatika, ikaungana na buluu. Alisahau hesabu, akasahau mama.

Mara rangi zikafifia kwenye simu. "Aa, kioo kimechafuka," alisema, akakifuta kwa upindo wa gauni. Akapiga tena. Nyekundu hakuna. Akakifuta kwa mate. Manjano nayo hakuna. Kilichoonekana ni rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, na povu.

Ndipo alipoinua macho.

Kioo hakikuwa na kosa. Maji yenyewe yalikuwa yamebadilika. Yalibeba majani ya mianzi na vijiti, na yale mawe aliyorukia hayakuonekana tena.

Huko juu sauti ikaanza: ko-ko-ko-ko-ko, bila kupumzika. Mjomba Parmin, kaka yake Mama, aliyekuwa kwenye zamu ya kuuangalia mto, alikuwa akigonga mwanzi wa tahadhari. Mtaa mzima uliijua sauti ile. Milango ilifunguliwa, kina mama wakaita watoto wao ndani.

"Mama!" Wening alipiga kelele. Mto ukaimeza sauti yake. Maji yakapanda jiwe, yakamfika magotini, baridi, yakimvuta. Akakumbuka kwamba ni Gendis tu ajuaye yuko pale, naye ameambiwa adanganye. Wazo hilo lilimtisha kuliko maji.

Alikuwa ameanza kulia bila sauti alipomwona mama yake akiteremka ngazi bila viatu, Mjomba nyuma yake na mwanzi mwingine, mrefu.

"Shika!" Mjomba aliusukuma mwanzi. Wening akaushika kwa mkono mmoja. "Mikono miwili, mtoto! Tupa hicho kidude!"

Akaiachia simu na picha zote. Maji yakamng'oa, yakamfunika kichwa, yakamwingia puani. Hakuuachia mwanzi. Alipoibuka, vidole vya mama vilikuwa vimemkamata nywele.

Jikoni, Wening alijikunyata ndani ya shuka akingoja kuchapwa. Mama hakumchapa. Alimimina chai kikombeni, akaendelea kumimina mpaka ikamwagika.

Gendis alisimama mlangoni akilia. "Mama yako alipokuja nilimwambia uko chooni. Akaenda akagonga, akawa anaita, 'Toka, mwanangu, maji yanakuja!' Akangoja pale mlangoni. Mimi nimenyamaza tu. Halafu nikashindwa, nikasema."

Wening alifunika uso. Akilini alimwona mama yake akibembeleza mlango wa choo kitupu, huku mto ukipanda.

"Mama yako angengoja pale kidogo tu zaidi," alisema Mjomba taratibu, "mwanzi huu ningekwenda nao kukutafuta huko chini, siyo kukuvuta."

"Nisamehe, Mama. Sitashuka tena wakati wa mvua."

Mama aliketi sakafuni karibu naye, akamshika mkono.

"Kutoshuka ni jambo moja," alisema. "Lakini wewe ni mtoto, utakosea tena, kama nilivyokosea mimi nikiwa mdogo. Siku hiyo usinifiche. Niudhi, gombana nami, nipigie kelele mtaa mzima usikie. Nikijua uko wapi, nitajua pa kukimbilia."